Kofia za meno zinazochongwa kwa kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa na fundi wa maabara ya meno, si daktari. Majibu yameegemea upande wetu wa kazi, yaani yanayotokea kati ya siku unaposkaniwa mdomo na siku kofia inapogandishwa kinywani. Habari za ganzi, vidonge na maumivu muulize daktari wako.

Kofia ya kompyuta ina tofauti gani na ile ya zamani?

Kazi yake ni ile ile: kulifunika jino lililooza sana, lililovunjika au lililotibiwa mzizi, ili uweze kulitafunia. Kilichobadilika ni njia ya kuitengeneza. Kwa njia ya zamani, ambayo bado inatumika sana na haina ubaya wowote ikiwa mikononi mwa fundi mzuri, daktari anachukua vipimo kwa kukung'atisha silikoni (ute mzito unaoganda na kubaki na umbo la meno), maabara inamimina plasta, fundi anachonga umbo kwa nta, anayeyusha chuma, kisha anapaka kauri tabaka kwa tabaka. Kwa njia mpya, kamera ndogo inapiga picha ya meno yako, fundi anachora kofia kwenye skrini, mashine inaichonga kutoka kwenye kipande kizima cha kauri, na tanuru inamalizia.

Kipande kizima kina faida moja kubwa. Kimetengenezwa kiwandani kwa utaratibu unaodhibitiwa, kwa hiyo ni nadra kiwe na vitundu vya hewa vinavyoweza kujificha kwenye kauri iliyopakwa kwa brashi.

Nani aliyeanzisha jambo hili?

Mfaransa François Duret aliwasilisha tasnifu yake Lyon mwaka 1973 kuhusu kupima meno kwa mwanga badala ya silikoni. Wengi walimwona mwotaji. Miaka kadhaa baadaye huko Uswisi, daktari Werner Mörmann na mhandisi Marco Brandestini walikuwa wanatafuta kitu chepesi zaidi: si kofia nzima, bali kijazio cha kauri kinachochongwa palepale mgonjwa akiwa kitini. Walifanikiwa katika Chuo Kikuu cha Zurich tarehe 19 Septemba 1985, na mfumo wao ukaitwa CEREC. Wa tatu ni Matts Andersson wa Sweden. Miaka hiyo dhahabu ilikuwa imepanda bei, na michanganyiko ya nikeli iliyochukua nafasi yake ikawa inawaletea watu mzio. Andersson akaona titani ingefaa, ila titani ni ngumu sana kuyeyusha na kumimina, akaamua kuichonga kwa mashine. Mfumo wake wa Procera ndio uliozaa utaratibu ambao maabara nyingi zinaufuata leo, wa kutuma vipimo na kuchongewa mbali.

Kama mashine inachonga, fundi analipwa kwa kazi gani?

Swali hili huulizwa kwa utani, lakini lina jibu la kweli. Programu inapendekeza umbo la jino kutoka kwenye maktaba yake, na mara nyingi pendekezo hilo linapendeza kwenye skrini na kushindwa mdomoni. Haijui kwamba unatafunia upande mmoja, wala kwamba meno yako ya miaka 55 yameshalika na kofia yenye vilima vya kijana wa miaka 20 itakuwa inagonga kila ukifunga mdomo. Kuvipunguza vilima hivyo ni kazi ya fundi. Ni yeye pia anayeamua nafasi ya gundi ndani ya kofia (kwa kawaida mikroni 50 hivi; mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), unene wa kila upande, na mahali kofia itakapoligusa jino la jirani.

Kubwa kuliko yote ni ukingo. Huo ni mstari unaozunguka jino lililochongwa na daktari, pale kofia inapoishia na jino lako linapoanzia. Kwenye skrini tunaufuatilia kwa kipanya, nukta baada ya nukta, tukiigeuza picha kila upande. Ukingo ukiwa wazi, hiyo ni kazi ya dakika chache. Ukiwa umefunikwa na damu au fizi, tunabaki kukisia, na kofia ya kukisia inaacha mwanya ambamo uozo utaanza upya. Kwa miaka mingi kipimo kinachotajwa na wataalamu ni kwamba mwanya usizidi mikroni 120, ambayo ni kidogo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Mashine nzuri inaweza kuchonga chini ya hapo bila taabu. Haiwezi kuchonga ukingo ambao haikuonyeshwa.

Ndiyo maana fundi akikupigia simu kupitia kwa daktari kwamba urudi uskaniwe tena, usikasirike. Hapo amekutendea haki.

Kwa nini daktari anaweka uzi kwenye fizi kabla ya kuskani?

Kamera inaona kile tu ambacho mwanga umekifikia. Silikoni ilikuwa na uwezo wa kupenya kidogo chini ya fizi, lakini mwanga hauna uwezo huo. Uzi huo mwembamba unaisukuma fizi pembeni kwa muda ili ukingo uonekane. Mate nayo yanang'aa na kuidanganya kamera, kwa hiyo utakaushwa mdomo mara kadhaa. Skana za mwanzo zilihitaji hata meno yapulizwe unga mweupe kwanza. Nyingi za sasa hazihitaji.

Kwa jino moja au mawili, skana inafanya vizuri sana. Kwa taya zima ni habari nyingine: programu inaunganisha picha ndogo ndogo mamia kwa mamia, na kosa dogo katika kila kiungo linajumlika hadi upande wa pili wa mdomo. Daktari akikuambia kwamba kwa kazi kubwa ya vipandikizi vingi (mizizi ya bandia inayowekwa kwenye taya) anapendelea silikoni, si kwamba amepitwa na wakati.

Zirkonia au kauri ya kioo: nichague ipi?

Mwenye kuchagua ni daktari, ila ni vizuri ujue kwa nini.

Zirkonia ni kauri nyeupe inayotokana na metali ya zirkoniamu. Ile ya kawaida ndiyo ngumu kuliko zote, nguvu yake ya kuhimili kupinda ni takriban megapaskali (kipimo cha nguvu hiyo) 1,000 au zaidi. Inafaa magego, watu wanaosaga meno usingizini, na madaraja (kofia zilizounganishwa kuziba pengo la jino). Hatuichongi ikiwa katika ugumu huo, kwani ingemaliza vichongeo vyote. Inakuja kama sahani nene ya duara yenye kipenyo cha milimita 98 hivi, nyeupe na laini kama chaki, na katika hali hiyo unaweza kuikwangua kwa kisu. Baada ya kuchongwa inaingia tanuruni kwenye nyuzi joto 1,500 hivi, na hapo inasinyaa kwa asilimia 20 hivi kila upande. Kwa hiyo mashine inaichonga kubwa kupita kiasi kwa makusudi. Mtu akija maabara na kuona kofia mbichi kwenye trei hudhani ni ya jino la ng'ombe.

Kila sahani ina namba yake ya upanuzi iliyochapishwa ubavuni, kwa mfano 1.23 na tarakimu nyingine nyuma yake, kwa sababu kila toleo la unga linasinyaa kwa namna yake. Fundi anaingiza namba hiyo kwenye programu kabla ya kuchonga. Akisoma vibaya tarakimu ya pili, kofia inatoka tanuruni ikiwa nzuri, inang'aa, na haiingii kwenye jino lolote duniani.

Kauri ya kioo tunayoitumia zaidi ni disilikati ya lithiamu. Nguvu yake ni kama megapaskali 400, pungufu ya nusu ya zirkonia, lakini inapitisha mwanga karibu sawa na jino halisi, na inashikamana na jino vizuri mno. Tunaikwangua ndani kwa asidi ya hidrofluoriki kwa sekunde 20, tunapaka kiunganishi cha sileni, na gundi inaishika hasa. Zirkonia haikwanguliki kwa asidi hiyo. Tunaipulizia mchanga laini wa alumina na kutumia kiunganishi cha aina nyingine. Kipande cha disilikati kinafika kikiwa na rangi ya bluu inayoelekea zambarau, na wagonjwa wanaojaribishwa kofia kabla ya kuchomwa hushtuka. Rangi hiyo inaondoka tanuruni, kwenye nyuzi joto 840 hivi, fuwele zinapokua na kauri kukomaa.

Ipo pia zirkonia ang'avu kwa ajili ya meno ya mbele. Uang'avu huo unapatikana kwa kuongeza itria (oksidi ya metali ya itriamu), na itria ikiongezeka nguvu inapungua. Kwa hiyo ukisikia "zirkonia" peke yake bado hujaambiwa kitu. Uliza ni ya aina gani.

Kuna mahali nimeambiwa zirkonia kwa bei chee. Nichukue?

Uliza mambo mawili: sahani ni ya kiwanda gani, na namba ya toleo ni ipi. Maabara inayojiheshimu inaandika namba hiyo kwenye karatasi ya kazi na kumpa daktari. Ikiwa jibu ni "usijali, ni orijino", wewe jali.

Nilikulia Arusha na meno yangu ni ya kahawia. Naweza kuwekewa kofia zote za mbele?

Swali hili linatufikia mara nyingi, kutoka Arusha, Kilimanjaro na Manyara, na kwa upande wa Kenya kutoka Nakuru na Naivasha. Maji ya ukanda ule wa volkano yana madini mengi ya floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na zipo chemchemi na visima vya huko vinavyopita kiasi hicho kwa mbali. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya kudumu yanaumbika ndani ya taya, enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, inatoka na madoa meupe, kahawia, na kwa waliozidiwa, vishimo. Si uchafu na halitokani na kutopiga mswaki. Waliodhihakiwa shuleni wanajua tunazungumzia nini.

Uwezekano wa kiufundi upo, na kompyuta inafaa sana hapa kwa sababu meno sita au manane yanaweza kuchorwa kwa pamoja, ukaonyeshwa tabasamu lako kwenye skrini na hata ukajaribishwa kwa plastiki kabla jino halijaguswa. Lakini msimamo wetu ni kwamba kofia nzima iwe chaguo la mwisho. Kuvika kofia jino la mbele kunaondoa zaidi ya nusu ya sehemu yake inayoonekana, na jino la kahawia mara nyingi ni jino zima, lisilo na uozo. Ukilipunguza leo ukiwa na miaka 22, hurudishiwi.

Anzeni chini. Madoa mepesi yanaweza kusuguliwa na daktari kwa asidi hafifu na unga wa kukwangua. Yanayobaki yanaweza kufunikwa kwa kijazio cha rangi ya jino. Yakikataa, kuna venia, ganda jembamba la kauri la unene wa nusu milimita hivi linalogandishwa mbele ya jino tu. Kwenye venia kuna jambo moja la kumkumbusha daktari ambaye hajafanya kazi kaskazini: enameli yenye floridi nyingi ni sugu kwa asidi ya kuandalia gundi, na huenda ikahitaji muda zaidi au kukwanguliwa kwanza. Isipoandaliwa hivyo, venia nzuri kabisa inabanduka kwenye mahindi ya kuchoma.

Na upande wetu: doa jeusi linaonekana kupitia kauri ang'avu. Tutumieni picha ya jino baada ya kupunguzwa, si kabla tu, ili tuchague kipande kinachoficha vya kutosha.

Kwa kijana wa miaka 14 jibu ni kusubiri. Neva yake bado ni pana na fizi bado zinapanda.

Inawezekana kumaliza kwa siku moja?

Ndiyo, kliniki ikiwa na mashine yake na kazi ikiwa ya jino moja la kauri ya kioo. Kuchora, kuchonga, kuchoma na kugandisha kunaweza kwisha katika ziara moja ya saa mbili au tatu. Zirkonia ya kawaida inakaa tanuruni usiku kucha, kwa kuwa joto linapandishwa na kushushwa polepole. Yapo matanuru ya haraka, kwa sahani zilizoruhusiwa tu. Kwa meno ya mbele, hata pale mashine ipo, tunashauri uvae kofia ya muda ya plastiki siku chache uizoee, useme kama "s" yako inapiga mluzi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Kwenye kuchonga, hasara ni ndogo: betri ya akiba inatosha kumaliza au kusimamisha kazi salama. Tanuru ndiyo inayotukosesha usingizi, kwa kuwa inakula umeme mwingi na haibebwi na betri ya kawaida. Ikizimika ikiwa kwenye joto la juu, kofia zilizomo zinaweza kupasuka au kutoka na ukubwa usio sahihi. Baadhi ya mafundi huzirudisha tanuruni na kutumaini. Sisi tunazitupa na kuchonga upya. Maabara isiyo na jenereta na kidhibiti umeme isikuahidi kofia ya zirkonia kesho asubuhi.

Naishi mkoani. Lazima nisafiri hadi Dar es Salaam au Nairobi?

Si lazima, kama daktari wako ana skana, au hata kama ana silikoni tu, kwa kuwa tunaweza kuskani plasta hapa maabara. Faili linasafiri kwa intaneti na kofia inarudi kwa basi. Madaktari wanaotutumia faili wazingatie mawili. Faili la picha ya meno la aina ya STL halibebi rangi, kwa hiyo mkiweza tumeni la aina ya PLY, linaloweza kuibeba, na andikeni rangi ya jino kando. La pili: tumeni taya la juu, la chini, na meno yakiwa yamefungwa. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, nasi tunabaki na mataya mawili yasiyojua yanakutana wapi.

Nimewekewa kofia na nahisi iko juu.

Rudi, usijilazimishe kuizoea. Kofia iliyo juu kwa kiasi kidogo tu inaweza kulifanya jino liume wakati wa kutafuna. Daktari atakung'atisha karatasi ya rangi na kupunguza palipogonga. Mwombe apang'arishe vizuri baada ya kupunguza. Zirkonia iliyong'arishwa inaliheshimu jino inalokutana nalo ukifunga mdomo, ila ikiachwa na mikwaruzo inalisaga.

Itadumu miaka mingapi?

Katika tafiti za kofia za kauri, zaidi ya 9 kati ya 10 bado ziko mdomoni baada ya miaka 5, na nyingi zinaendelea mbali zaidi ya hapo. Kauri haiozi, lakini jino lililo chini yake linaoza, tena kuanzia ukingoni. Mswaki wa dukani au wa mti, vyote sawa mradi usafishe mstari wa fizi, na uzi wa meno upite kati ya kofia na jirani yake kila siku. Ukifungulia soda kwa meno, sisi hatumo.

Mimi nataka dhahabu kama ya bibi yangu. Kompyuta inaweza?

Inaweza, kwa kuzunguka kidogo. Tunachora kwenye skrini, tunachonga au kuchapisha umbo kwa nta au resini inayoungua bila kuacha jivu, kisha dhahabu inamiminwa kwa njia ile ya zamani. Wazee wa pwani hawakukosea: dhahabu ya meno inakaa vizuri ukingoni na haili jino inalokutana nalo.

Nimefunga Ramadhani. Naweza kuja?

Kuskani peke yake hakutumii maji. Kupunguza jino kunatumia maji mengi, na uzi wa fizi unaweza kutoa damu, kwa hiyo wengi hupanga hatua hiyo baada ya futari au kungoja Idi. Hukumu ya kidini muulize sheikh wako.

Kofia ya zirkonia inazuia kipimo cha MRI?

Hapana, haivutwi na sumaku. Kwenye eksirei itaonekana nyeupe kabisa, na ndiyo maana daktari hawezi kuona kilichomo chini yake kwa picha hiyo.

Mbona bei zinatofautiana sana?

Kwa sababu neno "kofia" linaficha vitu vingi: aina ya sahani, vichongeo vinavyochakaa na kubadilishwa, leseni ya programu, umeme, na kama daktari amehesabu matibabu ya mzizi na kofia ya muda humo humo. Omba mchanganuo ulioandikwa, pamoja na muda wa dhamana. Kama una bima, uliza kwa jina la kazi yenyewe kabla ya kukaa kitini, maana kadi inayolipia kuziba na kung'oa si lazima ilipie kofia.

Siku ya kwanza nije na nini?

Picha za zamani za eksirei kama unazo, na picha yako ukicheka iliyopigwa kabla jino halijaharibika. Usipake rangi ya midomo siku hiyo, inavuruga macho wakati wa kulinganisha rangi. Na hakikisha rangi inachaguliwa mwanzoni kabisa, karibu na dirisha, kabla ya ganzi na kabla ya kukaushwa. Jino lililokaa kavu kwa dakika chache linakuwa jeupe kuliko lilivyo, na kofia iliyofuata weupe huo utaijua kesho yake asubuhi mbele ya kioo.